Philip Henry Gosse, mtu aliyeingiza bahari ndani ya sanduku la kioo

Mkaaji wa Butembo ao wa Beni anaijua bahari kupitia chumvi na makayabo. Samaki wengine wanaofika kwenye masoko yetu wanatoka zaidi Ziwa Edward, upande wa Kyavinyonge na Vitshumbi, na kidogo kwenye mabwawa yaliyochimbwa katika mabonde ya Lubero na Beni. Hata hivyo, kila mtu aliyejaribu kufuga samaki bwawani amekutana na swali moja ambalo Mwingereza mmoja alilihangaikia miaka zaidi ya 160 iliyopita: ni viumbe gani vinaweza kukaa pamoja ndani ya maji yale yale bila kumalizana?

Mtu huyo aliitwa Philip Henry Gosse. Ni yeye aliyelieneza neno akwariumu, yaani sanduku la kioo lenye maji ambamo samaki na viumbe vingine vinafugwa. Ni yeye pia aliyeandika moja ya vitabu vya kwanza vikubwa juu ya anemoni na matumbawe ya inchi yake. Leo hii, watu wanaofuga matumbawe na samaki wa rangi katika nyumba zao huko Ulaya, Marekani na Asia wanafuata njia ambayo yeye alisaidia kuifungua. Maisha yake yalikuwa na safari nyingi, imani kali, kifo kilichomvunja moyo, na sifa ambayo mwishowe iliharibu kitu alichokipenda kuliko vyote.

Mtoto wa bandarini

Gosse alizaliwa Worcester, Uingereza, tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1810. Baba yake, Thomas, alikuwa mchoraji wa picha ndogo za sura za watu, mtu wa kutembea mji kwa mji akitafuta wateja. Mama yake, Hannah, alikuwa ametumika kama mfanyakazi wa nyumbani kabla ya kuolewa. Pesa ilikuwa shida ya kila siku. Familia ilihamia Poole, mji wa bandari kusini mwa inchi, na huko ndiko mtoto alikozoea kutembea ufukweni maji yakitoka. Shangazi mmoja ndiye aliyemfundisha kuangalia viumbe vidogo vya bahari kwa makini.

Hakupata nafasi ya kusoma chuo kikuu. Akiwa na miaka 15 aliingizwa katika ofisi ya wafanyabiashara wa Poole kama karani. Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, alitumwa ng’ambo ya bahari hadi Carbonear, kisiwani Newfoundland, kuandika hesabu za kampuni iliyouza samaki na ngozi za sili. Mchana alihesabu mapipa, jioni alisoma. Mwaka 1832 alinunua kitabu kimoja cha zamani juu ya hadubini, na tangu hapo akaanza kukusanya wadudu na kuwachora. Mwaka huo huo alijitoa kabisa kwa imani ya Kikristo. Mambo hayo mawili, kuchunguza viumbe na kumtumikia Mungu, hayakuachana tena katika maisha yake yote.

Mwaka 1835 alinunua shamba huko Kanada. Kilimo kilimshinda. Baada ya miaka mitatu aliondoka na mifuko mitupu, akashuka hadi Alabama, kusini mwa Marekani, akafundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Huko aliona utumwa kwa macho yake. Namna watu weusi walivyopigwa na kutendewa ilimchukiza sana, na ni moja ya sababu zilizomfanya asikae. Mwanzoni mwa mwaka 1839 alirudi Uingereza akiwa maskini, lakini na daftari zilizojaa maandishi na michoro. Kitabu chake cha kwanza, juu ya wanyama na mimea ya Kanada, kilitoka mwaka 1840.

Jamaika na wasaidizi wake

Mwaka 1844 alipelekwa kisiwani Jamaika kukusanya ndege, wadudu na mimea. Utumwa ulikuwa umefutwa huko miaka michache tu mbele. Gosse alikaa Bluefields karibu miezi 18. Kijana mmoja mweusi, Samuel Campbell, akawa msaidizi wake. Walitembea pamoja msituni, na Gosse aliutambua katika maandishi yake ustadi wa kijana huyo. Alisaidiwa pia na Richard Hill, hakimu mwenye asili ya Kiafrika na ya Kizungu, aliyejua ndege wa kisiwa hicho. Kitabu juu ya ndege wa Jamaika kilipochapwa mwaka 1847, jina la Hill liliwekwa kwenye ukurasa wa mbele kama msaidizi wa mwandishi. Kwa wakati ule halikuwa jambo la kawaida, kwani wazungu wengi waliokusanya viumbe katika makoloni hawakutaja kabisa wenyeji waliowaongoza.

Mwisho wa mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vitabu vidogo vya dini vilivyosomwa sana. Mtoto wao wa pekee, Edmund, alizaliwa mwezi wa 9 mwaka 1849. Gosse aliandika vitabu mfululizo ili familia ile, hadi mwili ukachoka na kichwa kikawa kinamuuma bila kupoa. Mwanzoni mwa mwaka 1852 daktari alimshauri aondoke London. Familia ikahamia Devon, kando ya bahari. Ugonjwa ndio uliomrudisha ufukweni.

Fumbo la maji yasiyooza

Wakati huo, kuweka kiumbe cha bahari hai mbali na bahari lilikuwa jambo gumu. Ukichota maji ya bahari kwenye chombo na kutia samaki ndani, baada ya siku chache maji yanaoza na kila kitu kinakufa. Baadhi ya watu walikuwa wameanza kuona njia. Anna Thynne, bibi ya mchungaji mmoja mkubwa wa Westminster, alileta matumbawe ya Uingereza hadi London mwaka 1846. Hapo mwanzo mfanyakazi wake wa nyumbani alilazimika kumwaga maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha, tena na tena, ili hewa iingie. Baadaye Thynne aliongeza majani ya bahari ndani ya chombo, na matumbawe yake yakaishi na kuzaana. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington naye alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wa maji baridi wanavyoweza kukaa pamoja: mimea inatoa oksijeni, samaki anaivuta, na konokono anakula majani yaliyooza.

Hapa inafaa kueleza kidogo kwa msomaji ambaye hajafika Mombasa wala Zanzibar. Tumbawe linafanana na jiwe ao mti mdogo, lakini ni mnyama. Kila tumbawe la mwambani ni kundi la vinyama vidogo, kila kimoja kikiwa na mdomo na vidole laini vinavyokamata chakula, na vyote vinajenga nyumba ya chokaa kwa pamoja. Matumbawe ya bahari ya joto yanabeba ndani ya miili yao mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo inatumia mwanga wa jua kuyapa chakula. Anemoni ni ndugu wa tumbawe, lakini haina nyumba ya chokaa. Matumbawe ya Devon ni madogo na ya maji ya baridi, ila jamaa ni moja.

Gosse aliunganisha ujuzi huu wote na kuujaribu kwa mikono yake mwenyewe. Aliweka majani ya bahari kwanza, akayaacha yashike, akatazama kama vipovu vya hewa vinatoka, ndipo akaanza kuongeza wanyama polepole. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya samaki mwezi wa 5 mwaka 1853, ya kwanza ya aina hiyo kufunguliwa kwa watu wote, viumbe vingi vya bahari vilivyokuwa ndani yake vilitoka mikononi mwa Gosse. Mwaka 1854 alitoa kitabu chake juu ya akwariumu, chenye picha za rangi alizochora mwenyewe. Kilinunuliwa sana, na kwa mara ya kwanza nyumba yake ikapata pesa ya kutosha.

Mwaka huo huo alitatua shida ya watu wanaokaa mbali na pwani. Alichanganya chumvi ya kawaida na chumvi nyingine tatu, mbili za magnesiamu na moja ya potasiamu, ndani ya maji safi, akapata maji yanayokaribia yale ya bahari. Alitia majani ya bahari kwanza, kisha wanyama, nao wakaishi. Hivyo hata mtu wa mji ulio katikati ya milima, kama Butembo, angeweza kuwa na kipande cha bahari nyumbani kwake. Chumvi za unga zinazouzwa leo kwa wafugaji wa matumbawe zina vitu vingi zaidi, lakini wazo lake ni lile lile.

Nani akae na nani

Maji yakishakubali, linabaki swali la wakaaji. Katika vitabu vyake Gosse alieleza tabia ya kila kiumbe, na hapo ndipo faida kubwa ya kazi yake ilipo kwa mfugaji. Kaa anapendeza macho, lakini ni mwizi na muuaji: usiku anang’oa konokono na kurarua samaki wadogo. Anemoni kubwa inaonekana kama ua, kumbe inakamata samaki anayeigusa na kumeza. Samaki wengine ni wadogo lakini hawakubali jirani. Kwa hiyo mfugaji hachagui kwa rangi peke yake. Anauliza kwanza huyu anakula nini, anakua hadi wapi, analala wapi, na ni nani atakayekuwa chakula chake.

Aliona pia urafiki wa ajabu. Kuna kaa mmoja mdogo anayeishi ndani ya ganda la konokono, na anemoni ya aina moja inamfunika kama koti. Kaa analindwa na sumu ya anemoni. Anemoni inapata mabaki ya chakula cha kaa. Gosse aliwatazama wawili hao ndani ya kioo, na kaa alipohamia ganda kubwa zaidi, rafiki yake alihama naye.

Wafugaji wa matumbawe wa leo wanatumia hesabu hiyo hiyo kwa samaki wa bahari ya joto, wengi wao kutoka miamba kama ile ya pwani ya Kenya na Tanzania. Pono, mwenye mdomo kama wa kasuku, anaguguna mwamba na matumbawe. Hafai kabisa katika kioo. Samaki vipepeo wengi wanadonoa vinyama vya tumbawe kimoja kimoja hadi tumbawe linakufa. Kikande anavunja na kugeuza kila kitu. Chewa haligusi tumbawe, lakini anameza samaki wote wanaoingia mdomoni mwake. Kangaja, kinyume chake, anakula majani yanayotaka kulifunika tumbawe, na hivyo analisaidia, mradi nafasi iwe kubwa. Samaki wadogo wenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe wanaoishi ndani ya anemoni hawadhuru matumbawe. Na hata samaki wema, wakizidi idadi, uchafu wao unageuza maji kuwa sumu kwa tumbawe.

Mfugaji wa mabwawa hapa kwetu ataitambua hesabu hii. Tilapia wanazaana haraka hadi bwawa linajaa samaki wadogo wasiokua. Wafugaji wengine wanaongeza kambale, tunasema samaki na si jina la kijana wa Kinande, ili ale watoto wa tilapia na waliobaki wanenepe. Lakini kambale awekwe akiwa mdogo kuliko tilapia waliomo. Akiingia mkubwa, atawala wale uliotaka kuwauza.

Na kwenye maziwa yetu makubwa, kosa ao bahati inabaki kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Kivu. Sehemu ya wazi ya Kivu haikuwa na samaki wa namna hiyo, wakapata nafasi yao, na leo wanalisha Goma na Bukavu. Karibu wakati huo huo sangara alitiwa Ziwa Victoria. Alileta biashara kubwa, lakini pia alichangia sana kupotea kwa aina nyingi za samaki wadogo ambazo hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Mwaka wa giza

Mwaka 1856 Gosse alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, shirika la heshima kubwa zaidi la wanasayansi wa Uingereza, yeye aliyeacha shule akiwa kijana. Mwaka huo huo Emily aligunduliwa kuwa na kansa ya titi. Walikataa kisu, wakamwamini daktari mmoja Mmarekani aliyekuwa London na dawa yake ya kupaka. Dawa ilimtesa Emily kwa miezi, haikumponya. Alikufa mwezi wa 2 mwaka 1857, akimwacha mtoto wa miaka 7.

Katika huzuni hiyo Gosse alitoa kitabu alichotumaini kitapatanisha Biblia na wanasayansi waliosema dunia ni ya zamani sana. Aliandika kwamba Mungu aliumba ulimwengu ukiwa tayari na alama za uzee, kama vile mti wa kwanza ungekuwa na duara ndani ya shina na Adamu angekuwa na kitovu bila kuzaliwa. Alingoja pongezi. Wanasayansi walicheka, na watu wa dini walisikia vibaya kana kwamba Mungu ameitwa mdanganyifu. Kitabu hakikununuliwa.

Alirudi Devon na mwanawe, na kazi ya ufukweni ikamshika tena. Kati ya mwaka 1858 na 1860 alichapisha kitabu chake juu ya anemoni na matumbawe ya Uingereza, kila aina ikiwa imechorwa na kuelezwa kwa subira. Mwaka 1860 alioa tena, Eliza Brightwen, mama mpole aliyeleta utulivu nyumbani.

Sifa iliyoharibu ufukwe

Vitabu vyake vilikuwa vimezaa kitu ambacho hakukitarajia. Katika miaka ya 1850, kuwa na akwariumu ikawa fasheni katika nyumba za Waingereza wenye uwezo. Reli iliwafikisha watu pwani kwa makundi, wakiwa na nyundo, patasi na vikapu. Waling’oa anemoni na matumbawe kwenye madimbwi ya mawe, wakabeba kila kilichong’aa. Vingi vilikufa njiani ao baada ya wiki moja, kwa sababu wenyewe hawakusoma sehemu ya kitabu inayosema anza na maji, kisha majani, kisha wanyama wachache. Biashara ya kuuza viumbe ikaongeza haraka hiyo. Baada ya miaka michache madimbwi ambayo Gosse aliyaita kwa furaha katika maandishi yake yalikuwa matupu. Yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji mwangalifu, na jambo hilo lilimuumiza. Lakini ramani ya kufika pale ilikuwa imetoka katika kalamu yake.

Jambo hilo halijazeeka. Samaki wa rangi wanavuliwa hadi leo pwani ya Kenya na katika Ziwa Tanganyika na kusafirishwa kwa ndege kwenda kwa wafugaji wa mbali. Matumbawe yenyewe yanapigwa pia na joto: mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata moto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe na mengi yakafa. Wanaonunua samaki bila kuuliza wametoka wapi wanaongeza mzigo juu ya mwamba ambao tayari umechoka.

Baba na mwana

Edmund alikua akimsaidia baba yake madimbwini, akamheshimu, lakini hakuweza kuishi ndani ya imani kali ya nyumba ile. Alikwenda London, akawa mwandishi na mchambuzi wa vitabu mwenye jina. Barua za baba zilizidi kumhoji juu ya roho yake, na mwishowe kila mmoja akashika njia yake, ingawa upendo haukukatika.

Mzee Gosse alitumia miaka ya mwisho akifuga maua ya okidi, akitazama nyota kwa darubini na kuongoza kanisa dogo la kijiji. Aliamini Bwana atarudi kabla yeye hajafa. Alikufa tarehe 23 mwezi wa 8 mwaka 1888, akiwa na miaka 78. Mwaka 1890 Edmund alitoa kitabu cha maisha ya baba yake, na mwaka 1907 kingine juu ya baba na mwana, ambacho kinasomwa hadi leo. Kwa sababu ya hicho cha pili, watu wengi wanamkumbuka Gosse kama mzee mkali tu.

Wataalamu wa bahari wana kumbukumbu tofauti. Baadhi ya majina aliyoyatoa kwa anemoni zaidi ya miaka 160 iliyopita bado yanatumika katika vitabu vya sayansi, na mfugaji yeyote anayesubiri wiki kadhaa maji yatulie kabla ya kununua samaki wa kwanza anafanya kile karani huyo wa Poole alichofundisha.